Mtani Aliyepangisha Nyumba Yetu

Na hapana, mwanangu, sikukasirika. Jana ulipoliuliza lile swali, umenipa mgongo unakunja kanga zako ndani ya sanduku, nilitoka nje ukadhani nimenuna. Nilitoka kwa sababu kicheko na machozi vilinijia kwa pamoja, na mama hawezi kumwonyesha hali hiyo mtoto anayesafiri kesho. Uliuliza, "Mama, una hakika gani kwamba huyo naye si Mtani mwingine?" Kisha ukaongeza, kwa ile sauti ya chini uliyoirithi kwa baba yako, kwamba mwanaume haoi mjane mwenye nyumba mtaa wa Ilembo bila kwanza kuyahesabu mabati.

Sasa umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Jua bado lipo dirishani, na mume wangu yuko uani anafunga kamba sanduku lako, maana anasema kufuli za siku hizi ni za kuombea dua. Mume wangu. Nimeliandika neno hilo nikasimamisha kalamu nilitazame. Tumaini, mama yako ana umri wa kuitwa bibi, na bado neno hilo linanipa joto masikioni. Wanawake wa mtaa wetu wa Kawajense wananiita bibi harusi wa mvi nikipita kisimani, wakidhani wananitania. Mimi naitika.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji na kuanika godoro. Shangazi yako ameshakuhubiria hayo tangu Jumapili. Nataka nikujibu swali lako, na ili nikujibu lazima nikusimulie habari ya Mtani yote, kwa sababu ilipotokea ulikuwa bweni Sumbawanga, na uliporudi likizo ulikuta watu wameshaigeuza kuwa hadithi ya kuchekea. Mimi sikuwa nacheka wakati ule.

Unamkumbuka siku ya msiba wa baba yako. Sisi Wafipa tuna watani wetu, na mtani akifika msibani huwa hazuiliwi. Yule bwana alitokea tusikokujua, akasema yeye ni mtani, basi ikatosha. Alivaa koti la marehemu. Alilala kizingitini akasema jeneza halitoki mpaka apewe kuku. Halafu akapanda juu ya kinu, akainadi nyumba ya Ilembo mbele ya waombolezaji, "Nyumba yangu hii, naiuza, marehemu alikuwa mpangaji tu, tena msumbufu." Watu waliokuwa wamelia tangu alfajiri walishika mbavu. Na mimi, nimekaa mkekani na kitambaa kichwani, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu baba yako aanze kuugua. Mtu akikuchekesha siku unamzika mumeo, humuulizi ametoka wapi. Unamshukuru tu.

Kwa hiyo alipokuja baadaye kuomba chumba kimoja cha uani kule Ilembo, nilimpa. Mimi na wewe tulikuwa tunaishi huku Kawajense, na nyumba kubwa ilikuwa imebaki tupu, panya wanafanya wanavyotaka. Nikampa na funguo zote ili awe anafungua madirisha. Kodi yake alilipa kwa wakati, tena vizuri, mpaka nikawa namsifu kanisani. Na utani haukukoma. Kila nikienda kulima karanga zangu pembeni ya ile nyumba, ananipokea kwa sauti mtaa mzima usikie, "Kibarua wangu amechelewa leo, nitamkata posho." Nami namjibu, "Nisamehe bwana mwenye nyumba, nilikuwa nampikia mume wangu wa pili." Sikuwa na mume wa pili wakati huo, unajua. Majirani walishaizoea michezo yetu. Hata balozi wetu wa nyumba kumi, mzee yule mpole mwenye baiskeli isiyo na breki, akipita alimsalimu, "Habari za asubuhi, mwenye nyumba?"

Siku moja nilikuwa nang'oa karanga. Nimejifunga kanga mbovu kiunoni, miguu ina udongo mpaka magotini, jasho linanitiririka. Mtani akaja na mgeni. Mwanaume mrefu, mweusi, mtaratibu, ameshika fimbo ya kuchungia ingawa hakuwa na ng'ombe hata mmoja nyuma yake. Walizunguka nyumba. Mgeni aligonga kuta kwa kiganja, akatazama juu kwenye kenchi za paa, akauliza kama linavuja. Nilidhani ni ndugu yake amekuja kumtembelea. Kisha wakanijia, na Mtani akasema kwa ile sauti yake ya kawaida, "Kama huniamini, muulize kibarua wangu huyu. Nyumba hii ya nani?"

Mwanangu, sikuinua hata kichwa. Nilijibu nikiwa nimeinama, na shina la karanga mkononi:

"Ya kwake, baba. Mimi ananilipa kwa maganda."

Mtani alicheka. Mimi nilicheka. Mgeni hakucheka. Alinishukuru, akasema, "Asante mama," kwa heshima, kama mtu anavyomshukuru shahidi. Nilikiona kile kitu. Niliona kwamba hakucheka, nikasema moyoni, huyu kabila lake hawajui utani. Nikaendelea kung'oa karanga.

Hicho ndicho ninachotaka ukibebe, maana kosa lile lilikuwa langu. Nimesikia wanawake wakisema mjane huyu alitapeliwa kwa sababu hana mwanaume wa kumlinda, au kwa sababu hakusoma. Nimemaliza Form Four, tena Kiswahili nilipata alama nzuri. Nilitapeliwa kwa sababu nilipenda kuchekeshwa, nikasahau kwamba utani una watu wake, na mgeni aliyesimama mbele yangu hakuwa miongoni mwao.

Wiki iliyofuata niliambiwa kuna lori mbele ya nyumba yangu Ilembo. Nilikwenda mbio. Nikakuta magunia ya mpunga yanashushwa, kitanda kimeegeshwa ukutani, na yule mgeni anafungua kufuli kwa ufunguo. Ufunguo wangu! Nilipiga kelele, Tumaini. Sijivunii maneno niliyoyatumia. Nilimwita mwizi, nikawaita majirani, nikamshika mwenye lori shati. Watu wakajaa. Vijana wawili walishaokota mawe.

Yule mwanaume akaweka gunia chini. Akanitazama kwa muda, kama anayetafuta mahali alipowahi kuniona, halafu akasema polepole, "Mama, wewe si ndiye kibarua?"

Nikamwambia mimi ndiye mwenye nyumba.

"Lakini nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza wewe mwenyewe, na ukanijibu kwa kinywa chako. Nimelipa kodi ya mwaka mzima kwa sababu ya jibu lako."

Hapo wale vijana waliacha mawe yakaanguka. Nilikimbilia uani. Mtani hakuwepo. Chumba chake cha uani kilikuwa wazi, kimefagiliwa vizuri, na mkeka ameuchukua.

Balozi alifika na baiskeli yake, akaisimamisha kwa kuigonga kwenye mti wa mpapai kama kawaida. Akawahoji majirani mmoja mmoja. Jirani wa kulia alisema ndiyo, alimsikia Mtani akimwambia mgeni kwamba nyumba ni yake, lakini alidhani ni yale yale ya siku zote. Jirani wa kushoto alisema hata yeye aliulizwa, akajibu, "Yake, na choo ni cha kwangu," akaona ameongeza utamu. Mzee akawatikisia kichwa. Ndipo mgeni akasema bila ukali wowote, "Na wewe mzee, siku ile tulikutana pale njiani. Ulimsalimu, ukamwita mwenye nyumba." Balozi alivua kofia akawa anaitazama kwa ndani.

Tulikwenda polisi wote watatu. Askari akafungua kitabu, akauliza jina la mtuhumiwa. Nikasema, Mtani. Akasema anataka jina. Nikamtazama balozi, balozi akamtazama mgeni. Askari akaweka kalamu mezani akauliza, "Amekaa kwenu misimu miwili ya mvua, na nyie wote hamjui anaitwa nani?" Mpaka leo hatujui. Hata kabila lake, tulipokuja kuulizana vizuri, hakuna aliyewahi kumsikia akiongea kilugha. Inawezekana hakuwa mtani wetu kabisa. Aliokota utani barabarani akauvaa kama lile koti la baba yako.

Kulikuwa na watu waliomshauri mgeni aingie kwa nguvu, kwamba jibu langu ni ushahidi na majirani wapo. Walikuwepo pia walionishauri nimfukuze, kwamba mjinga ndiye aliwaye. Usiku ule sikula. Nilijua nikimfukuza nimemdhulumu, kwa sababu aliniuliza na mimi nikamjibu. Nikimwacha akae bure mwaka mzima, ada yako ya shule ingetoka wapi? Ile nyumba ilikuwa ndiyo shule yako. Sikuwa na kitu kingine.

Asubuhi yule mgeni akabisha hodi hapa Kawajense, amekuja na balozi. Nilijiandaa kwa vita. Akakaa kwenye kigoda, fimbo amelaza miguuni, akasema yeye anaitwa Shija, ni mjane kama mimi, ng'ombe wake wako kijijini Mamba, na alimuuza fahali ili apate mahali pa kuwekea mpunga wa biashara hapa mjini. Akasema hasara hii ina wazazi wawili: yeye aliyemwamini mtu kwa haraka, na mimi niliyemjibu kwa mzaha. Basi tuilee pamoja. Nusu ya mwaka akae kwa pesa aliyokwishaitoa, nusu nyingine alipe upya, mkononi mwangu, mbele ya balozi. Nilikubali kabla hajamaliza. Alipokwenda nilikaa chini nikavuta pumzi ndefu, nikaona kama mtu amenishusha mzigo wa kuni kichwani.

Ndivyo nilivyomjua mume wangu, mwanangu. Ulidhani tulikutana sokoni? Tulikutana mimi nikiwa na udongo magotini na uongo mdomoni, na tukakutana tena mimi nikimtukana. Mwanaume aliyeniona katika hali hizo mbili, halafu akaninunulia kitenge cha rangi ya zambarau, nitamwogopea nini? Alilipa ile nusu ya pili bila kukumbushwa. Kila mavuno ya Mamba aliniletea mchele wenye harufu, ule ambao jirani akipika unajua. Alikuwa akifika anakaa mbali na mlango, ili wapita njia wamwone na wasinisengenye. Anaongea maneno machache, lakini akisema "Mama Tumaini" mimi nasikia kama mtu anafungua redio kwenye wimbo niupendao. Haya, nimesema. Nicheke tu. Ndani ya treni hakuna atakayekuona.

Lakini wewe uliuliza kuhusu nyumba, na bado sijakujibu.

Siku walipokuja kuleta posa, wazee wetu walikaa huku na wazee wake kule, chakula kimeshapakuliwa, na mjomba wangu tayari ameanza kuwatania wakwe kwamba Wasukuma huhesabu mke kwa kwato. Watu wanacheka. Shija akaomba ruhusa, akasimama. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na shangazi yako, nikamsikia akisema, "Wazee, kabla hatujanawa, naomba tuache utani kidogo. Mimi nilishaulizia nyumba mara moja nikajibiwa kwa utani, nikaumia. Leo nauliza tena mbele ya pande zote mbili. Nyumba ya Ilembo ni ya nani?"

Mjomba akajibu, bila kucheka, "Ni ya Tumaini. Baba yake alimjengea."

"Basi wazee wangu wasikie," akasema Shija. "Mimi naoa mama. Nyumba ina mwenyewe."

Akakaa, akanawa mikono. Shangazi yako alinibana mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniachia alama. Tumaini, hakuna mwanaume aliyewahi kuniambia neno la mapenzi zuri kuliko lile, na wala hakuwa ananiambia mimi. Nilikusudia nikusimulie siku ya harusi, lakini ulikuwa umenuna vizuri sana, nikaona nisikuharibie. Nilikosea. Ningekwambia mapema ungelala vizuri zaidi wiki hizi.

Na kuhusu chumba cha Tabora unakokwenda kusoma, ambacho ulimkasirikia Shija ukisema anajifanya baba yako, ngoja nikwambie alichokifanya, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kukusimulia. Rafiki yako alikuandikia kwamba kuna kijana ana chumba kizuri karibu na chuo, mjomba wake mwenye nyumba yuko Dar es Salaam, na anataka pesa ya kukishikia mapema kwa sababu wanaokitaka ni wengi. Wewe ulitaka tumtumie siku ile ile. Shija aliisoma barua mara mbili, akauliza tu, "Huyo mjomba ana jina?" Halafu akapanda treni, yeye ambaye treni humtapisha.

Yule kijana alimwonyesha chumba, kweli ni kizuri, kina dirisha kubwa na sakafu ya saruji. Shija akamshukuru, akaondoka, hakutoa kitu. Asubuhi akarudi peke yake, akakaa kwa fundi viatu wa jirani akashonesha kiatu ambacho hakikuwa kimechanika. Kiatu kikashonwa, na maneno yakatoka. Chumba kilikuwa cha karani mmoja wa reli aliyekuwa safarini, na kijana alikuwa mpangaji wa chumba cha pili. Kabla yetu wasichana wawili walishakishikia chumba hicho hicho, na mmoja wao aliwahi kufika na godoro kichwani. Niliposikia habari ya lile godoro nilikaa chini. Nilikuona wewe.

Hakurudi siku ile. Alitembea mitaa mpaka akampata yule mama utakayekaa kwake, nesi mstaafu, anayeishi humo humo ndani ya nyumba yake. Huyo mama alimhoji Shija kuliko Shija alivyomhoji yeye: binti ni wa nani, anasali wapi, wewe ni nani kwake. Nilimuuliza alijibu nini hilo la mwisho. Akasema, "Nilimwambia mimi ni mume wa mama yake. Hayo mengine binti atasema mwenyewe akitaka." Kwa hiyo usiseme anajifanya.

Sikwambii usimwamini mtu. Nimeyajaribu maisha hayo baada ya Mtani, nikawa namshuku mpaka muuza maziwa, na ni maisha ya kuchosha. Watu wakaanza kunisimulia na yao: kuna mama hapa Kawajense ambaye mpangaji wake mtaratibu alihama alfajiri na mabati ya choo, akamwachia kuta. Tulicheka, kisha tukaenda kumsaidia kuezeka. Ninachokwambia ni kidogo tu. Ukiuliza jambo la maana, muulize na yule asiyekuwa na faida katika jibu. Na siku mtu asiyekujua akikuuliza wewe, inua kichwa kwanza, mtazame usoni, ndipo umjibu. Kama ningeinua kichwa siku ile ya karanga ningeona macho ya mtu aliyemuuza fahali wake.

Ila kama ningeinua kichwa, nisingekuwa bibi harusi leo. Hapo Mungu ndiye anayejua hesabu zake, mimi zimenishinda.

Nasikia lango, na kicheko chako, na sauti yake inakuuliza kama sanduku linabebeka. Umemjibu. Sikusikia umesema nini, lakini umemjibu kwa maneno zaidi ya mawili, na mimi nimefurahi hapa kama mtoto aliyepewa sukari guru.

Wiki ya mwisho ya mwezi huu nitakuja Tabora kukuona, na hiyo ni ahadi. Nitakuletea mchele wa Mamba, na nitataka kuona hicho chumba kwa macho yangu. Mume wangu atanisindikiza, kwa sababu hataki nisafiri peke yangu. Ameniambia atabaki stesheni kwenye benchi, na hatakanyaga mlangoni kwako mpaka umwite wewe mwenyewe. Namjua, atakaa hapo hata mchana kutwa na tumbo lake lililochafuka na treni. Basi mwanangu, tukija, usimwache akae sana.

Mama yako